Kipimo cha Maji Darajani

Mjukuu wangu Neema,

Huku Hässelby, pembezoni mwa Stockholm, hatujambo. Goti la bibi yako limepona, na kila Jumapili anakaa mbele ya kompyuta akisubiri sura yako itokee kutoka Bangkok.

Umeniuliza kama hizo nchi jirani za huko, zenye mto mmoja na ugomvi mwingi, zitaweza kushirikiana. Mimi si mwanasiasa. Nikusimulie tu nilichokiona nilipokuja Stockholm kijana, kusomea upimaji wa maji.

Darasani tulikuwa na Anwar, Mpakistani, na Suresh, Mhindi. Kila asubuhi walikwenda darajani, mmoja asome kina cha maji, mwingine aandike daftarini. Mara nchi zao zikaingia vitani. Nikajitia msuluhishi, nikamwambia Anwar, "Kesho pumzika, nitakwenda mimi na Suresh."

Akanitazama kwa upole. "Ndugu yangu, mto wetu unapita kwao kwanza. Nikizoea kutomsikiliza hapa, kule nani ataniambia mafuriko yanakuja?"

Kulipokucha niliwafuata. Hawakusalimiana. Suresh aliinama, akataja kipimo. Anwar akaandika, akakisoma kwa sauti, na Suresh akaitikia, "Ndiyo."

Urafiki sikuuona. Kozi iliisha hawajapeana mkono. Lakini siku ya mwisho nililifungua lile daftari, nikalipitia ukurasa kwa ukurasa, na hapakuwa na hata siku moja iliyorukwa.

Babu yako