Nimewala Kambare wa Utafiti wa Mke Wangu

Shangazi Vumilia mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, na jina langu ulifiche, ingawa Watanzania wa Germantown, hapa Marekani, wakisoma mpaka mwisho watanijua tu. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na kidogo, kitambi ninacho, naendesha gari la kuwapeleka wazee kliniki, na mke wangu Anitha ni nesi ambaye mwaka jana alirudi shule, chuo kimoja huko Fairfax, na mimi nilikuwa wa kwanza kumpigia makofi, sikujua kwamba anakwenda kusomea samaki. Kumbe tangu ile ajali ya mtambo wa nyuklia kule Fukushima, Japani, miaka yote hii, wataalamu bado wanapima mionzi kwenye samaki wa maziwa na mito, na Anitha na mwenzake wa darasani, Mkenya anayeitwa Mutai, kazi yao ndiyo hiyo.

Shangazi, huyo Mutai ni mtu wa Kericho, watu wa maziwa ya mgando, samaki kamla mara ya kwanza ukubwani, anasema mwenyewe bila aibu, halafu anakaa kwenye simu na mke wangu jioni nzima wakiongea samaki, wakati mimi ni mtoto wa Musoma, ziwani kabisa, ingawa niseme ukweli, baba alikuwa na duka la sabuni na samaki mimi nilikutana nao mezani. Siku moja nikajaribu kuingia kwenye mazungumzo.

"Hao wa maji baridi ndio hukaa na sesiamu sana," Mutai alikuwa anasema kwenye spika ya simu, sesiamu ndiyo hiyo yenye mionzi wanayoipima.

"Na sangara je?" nikauliza.

"Baba Ghati, subiri kidogo," mke wangu akasema.

"Kumbe mzee yuko? Sasa, mzee."

Mzee, Shangazi, na tumepishana miaka miwili.

Basi Jumapili, Anitha yuko kazini, nikashuka chini kwenye friza kutafuta kuku, nikakuta mfuko wa kambare watatu wanene ambao sikuwanunua mimi, na nikajua mara moja ni wa nani, kwa sababu Mutai anakaa Oxon Hill na siku hizi anavua Potomaki, picha zake zote nimeonyeshwa, na namba ya mlango wa gereji yetu anayo. Kwetu mwanamume hapeleki samaki nyumbani kwa mtu bila kumwona mwenye nyumba, akiwaacha kimya kimya ujue kamletea mama. Nikasema sawa, zawadi ya mke wangu ni yangu pia, nikawapika kwa nyanya na ndimu, nikala na ugali mpaka nikalegeza mkanda, waliobaki nikawagawia wenzangu kazini.

Jumatatu asubuhi nasikia, "Baba Ghati, umeona samaki humu?"

"Samaki gani?"

Ndipo akaniambia ni samaki wa vipimo, walitakiwa maabara asubuhi ile. Nimeshazima taa ya bafuni nijiangalie kama nang'aa. Lakini sikusema, na Mutai akaapa kwamba aliwaweka, Anitha akamwita mwongo, na tangu hapo simu imenyamaza, mke wangu anakula na mimi mezani, ananisimulia ya wodini, jana ameniegemea tukiangalia taarifa ya habari, na mimi, Mungu anisamehe, nafurahia. Ijumaa anakwenda kumwambia profesa wao amtoe Mutai kwenye utafiti. Sasa Shangazi, nimekula sumu? Na je, ni lazima niseme, wakati mambo yamejitengeneza yenyewe?

Mtoto wa Ziwani

*

Mtoto wa Ziwani, au tuseme Mtoto wa Duka la Sabuni,

Nilicheka mpaka nilipofika kwenye Ijumaa.

Tumbo kwanza. Soma barua yako mwenyewe: ajali ilitokea Japani, kambare wako wametoka Potomaki. Hao walikuwa wa kulinganishia na wale wa Japani. Na chuo gani kitamruhusu mwanafunzi alaze samaki wa mionzi kwenye friza moja na kuku wako? Washa taa ya bafuni. Ila mto huo nao una uchafu wake, na maelekezo ya samaki gani aliwe kwa kiasi gani, siku nyingine yasome kabla hujalegeza mkanda.

Wivu wako sikucheki. Mtu unajua mkeo anakunywa chai yake vipi, halafu siku moja anaongea lugha ambayo mwanamume mwingine ndiye anayeijibu. Inauma. Lakini Mutai kavua, kaendesha gari toka Oxon Hill mpaka Germantown, kaweka mzigo alipoambiwa auweke, na sasa atapoteza masomo yake kwa sababu ya ugali wako. Na Anitha atapeleka kwa profesa uongo akidhani ni kweli. Utajulikana, baba, umewalisha wenzako kazini, na aibu itakuwa ya mkeo.

Ungemuuliza Anitha angekueleza: samaki wa maji baridi hukawia na sesiamu kuliko wa baharini, kwa sababu maji yake yana chumvi chache za kumfaa, akikutana na kitu kinachofanana nazo anakikumbatia. Wewe ulikuwa na njaa ya kuongea na mkeo, ukakumbatia ugomvi wake na mtu mwingine. Mkeo aliyekuegemea jana alikuwa na huzuni. Hakuwa amerudi kwako.

Kwa hiyo leo, usingoje kesho, na usimtume mchungaji. Akivua viatu vya kazi, mwambie, "Niliwala mimi." Hayo maneno yatangulie, ya wivu yafuate, na akifoka nyamaza. Kisha mbele yake mpigie Mutai umwombe radhi, na akikuita mzee, itika.

Jumamosi nenda naye mtoni ubebe ndoo. Mkipata kambare, mkabidhi Anitha mkononi, umuulize swali moja la sesiamu, na umsikilize mpaka amalize. Sangara muache Musoma.