Kipimo Kisicholeta Kelele

Shoga, upo? Usinijibu kwanza, soma tu.

Unawakumbuka wale kamba wachanga niliowahesabu miaka mitatu, matope hadi magotini? Ndio tuliokubaliana wawe kipimo chetu, tujue bwawa liachie mto maji kiasi gani. Maji matamu yakipungua pale mto unapoingia baharini, kamba ndio wa kwanza kutoweka.

Leo mkutanoni nafungua ripoti, kamba hawamo! Bosi kawafuta. Kaweka kaa.

KAA!! Kaa anayeishi kwenye chumvi, kwenye tope, popote! Ufunge mto wote leo, kesho kaa yupo, anakutolea macho.

Nikamwambia, "Mkuu, kwa kipimo hiki mto utaonekana mzima hata ukifa."

Akacheka! Mbele ya watu wote! "Binti, tunataka kipimo kisicholeta kelele."

Eti kelele. Eti binti! Nina miaka arobaini na moja mimi!

Hapo mama wa jikoni akaingia na chai. Bosi akapiga funda moja, akatema kwenye kisosi. "Nani katia chumvi humu?"

Mama wa watu akababaika. "Si mimi, bosi. Maji ya bomba yako hivyo tangu wiki jana."

Na bomba letu linavuta mtoni, shoga. Bahari imeshapanda mpaka kwenye birika!

Nikamsogezea kikombe chake.

"Kunywa tu, mkuu. Kaa hawajalalamika."