Vilima Viwili Nyuma ya Nyumba ya Mama

Alhamisi, Shieywe. Mvua ilianza saa nane mchana na mpaka sasa haijaamua kuacha.

Nimekunywa chai tupu mchana kutwa. Naandika hapa kwa sababu kule kwenye kundi siwezi kusema ukweli wote, na mtu wa kuambiwa hivi sasa hapa nyumbani ni mimi peke yangu.

Wanaonisoma hapa bloguni wanaujua ugonjwa wangu wa kutazama sayari. Mchana nauza mbegu na dawa za mifugo dukani. Nikipata nafasi, naingia kwenye kundi letu la simu, Uso wa Sayari, ambako watu wasio na darubini wanabishana kuhusu picha za Mwezi na Mirihi. Mwanasayansi hatuna hata mmoja. Tuna Mwalimu Nasimiyu wa Lugari, aliyestaafu. Tuna Dada Hadija wa Mumias, ambaye hutoa salamu kamili kwanza, kisha anamwambia mtu kwamba hajui anachosema. Tuna Brayo wa hapa mjini, ambaye kila jiwe kwake ni mlango wa nyumba ya viumbe. Msimamizi ni mimi. Wananiita Macho, na nimelifurahia sana jina hilo.

Macho yenyewe ndiyo yameniponza.

Kaka yangu Lijodi anafanya kazi Mombasa, na anataka kujenga nyumbani Ikolomani kabla watoto wake hawajafunga shule. Kwetu mwanamume mzima asiye na nyumba kwao ni aibu; kukiwa na msiba analala wapi? Amenunua kipande cha shamba nyuma ya nyumba ya Mama kutoka kwa jirani aliyehamia mbali. Kimejaa nyasi ya napia inayompita mtu kimo. Mwezi uliopita akanipigia: "Sister, si wewe huangalianga mpaka Mirihi? Angalia hiyo shamba uniambie wapi ni juu, maji isiniingilie kwa nyumba."

Nilifungua ramani ya simu nikapata picha ya zamani, kabla napia haijapandwa. Nikaona vilima viwili vya mviringo, safi kabisa. Nikamjibu kabla chai yangu haijapoa.

Baba Mdogo, ndugu ya marehemu baba yetu, alienda akakanyaga zile nyasi na kusema haoni kilima chochote. Nikamwambia ni mwinuko mdogo, wa karibu hauonekani, ndiyo maana watu hutazama kutoka juu. Mzee wa watu akaniamini.

Basi leo mchana Dada Hadija ameweka picha ya Mirihi. Sote tukasema vilima, mimi wa kwanza. Mwalimu akauliza swali moja tu: mwanga unatoka upande gani? Maelezo ya picha yalisema unatoka chini. Tukageuza simu juu chini, na vilima vyote vikazama vikawa mashimo. Macho yetu yamezoea jua la juu, kwa hiyo mwanga ukitoka chini yanasoma kinyume. Brayo akaandika, "Wasee, macho zinatubeba ufala!" Yaani macho yanatufanya wajinga.

Nikacheka nao. Kisha nikakumbuka shamba la Lijodi.

Nimeifungua ile picha ya nyumbani nikiwa nimesimama kaunta, mteja akiningoja. Kivuli cha nyumba ya Mama kimelala kaskazini, na cha mparachichi hivyo hivyo. Yaani jua siku ile lilikuwa kusini, chini ya picha. Lakini vilima vyangu vinang'aa upande wa juu, upande ambao kilima kingekuwa na giza. Nikageuza simu.

Mashimo. Mawili, yamekaribiana.

Ikolomani hakuna anayeuliza ni nani alichimba shimo la mviringo. Watu wa dhahabu walichimba tangu enzi za babu zetu, na walipokosa walitupia matawi na udongo juu wakaenda zao.

Hata hapo bado nilitafuta pa kutokea. Nikaitoa picha rangi, nikakata nyumba ya Mama, nikaiweka kwenye kundi kama picha ya Mwezi. Nikauliza: tutue chombo wapi? Brayo akachagua kilima cha kushoto, kile kile nilichomchagulia Lijodi. Dada Hadija akauliza mwanga, nikajibu ukweli. Mwalimu Nasimiyu akamaliza: "Hayo ni mashimo yamefunikwa juu juu, ona katikati pamebonyea. Hapo mimi siwezi achilia hata ingokho, kuku tu."

Wakacheka sana. Hapo ndipo Lijodi anataka kulaza watoto wake.

Kesho asubuhi fundi anaingia na vijana wake kuchimba msingi. Kwetu kabla ya msingi, ndugu ya baba husimika mti wa kwanza, na mti ukishaingia nyumba haihamishwi. Kuuhamisha, wazee wanasema, ni kuwaitia watoto magonjwa. Nilijua mti ni wa kesho alfajiri, kwa hiyo nina muda. Nikampigia Mama.

Akanitangulia kwa furaha. Baba Mdogo ameogopa mvua ya kesho, ameusimika leo asubuhi. "Na vile imeingia! Udongo laini kama unga ya kusonga obusuma. Baba yenu mdogo hata jasho hakutoa. Tumesema ni baraka."

Udongo wa pale kwetu umejaa mawe. Mtu akichimba choo anavunja mpini. Nikakaa juu ya gunia la mbegu.

"Mama, nilikosea picha. Hivyo si vilima, ni mashimo ya dhahabu yaliyofukiwa. Fundi asiingie hapo."

Mama akashusha sauti.

"Na nani ataambia Baba yenu mdogo ang'oe mti?"

"Mimi."

Nimelisema. Lijodi hashiki simu. Namwogopa Baba Mdogo. Naogopa kwamba mwakani mtoto akipata malaria tu, litatajwa jina langu. Lakini namwogopa zaidi fundi, maana huwa hachelewi, na wale vijana watashuka ndani ya mtaro bila kujua wamesimama juu ya nini. Gambuti za kukanyagia matope ziko mlangoni. Nitaondoka kabla hakujapambazuka.

Nimeishika tena ile picha. Najua ni mashimo, nina ushahidi wa kivuli. Ila kila nikiiweka sawasawa, macho yangu bado yanaona vilima viwili vizuri vya kujengea nyumba.

Mzee nitamwambia aamini macho ya nani?