Mstari Uliokosekana

Jumatatu, 3 Machi
Uji, vidonge, simu. Miguu imevimba tena. Kundi la siri la simuni limeamka kabla yangu. Humo hakuna namba wala jina halisi. Mimi najiita Kobe. Wanalalamikia viwanja vya Kabungu vilivyouzwa mara mbili. Dalali ni Masanja, mwanangu. Nilijiunga nijue wanamsema nini. Leo Nungunungu ameweka picha ya mkataba mwingine.

Jumatano, 5 Machi
Nilifundisha hesabu hadi kustaafu. Nimechora: kila mtu nukta, kila anayemjibu mwenzake mstari. Nungunungu anamtania kila mtu. "We Fisi, kiwanja chako wameshajenga choo, nenda kajisaidie bure!" Mistari yake imeenda kote, isipokuwa kwangu. Nikiandika, hunyamaza mpaka wengine waandike.
Nani amheshimu hivyo mzee asiyemjua? Basi ananijua. Ni mkwe. Ni Nyamizi, mke wa Masanja, anayeinamisha macho hata akinipa uji.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwonyesha Masanja mchoro. Nilitaka asifie akili yangu. Ukweli ndio huo, na ni mchafu.

Jumamosi, 8 Machi
Masanja amemnyang'anya Nyamizi simu, akampandisha basi la Inyonga, arudi kwao. Nilikuwa sebuleni. Sikuinuka.

Jumatano, 12 Machi
Pumzi fupi. Sitafika mbali. Nimempigia Nyamizi kupitia simu ya mama yake, nikakiri kuwa mimi ndiye niliyemtaja. 
"Baba, Kobe nilimjua siku ya kwanza. Mpanda nzima nani mwingine anaandika 'hivyo basi'?"
Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia wenzake kuwa baba wa dalali yumo.
"Wangekutukana. Mkwe wangu atukanwe, mie nasoma tu?"
Alinificha. Nami nikamfichua. Nimelia kama mtoto.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeandika kundini jina langu kamili. Kwamba mikataba ile ni ya kweli. Kwamba muuzaji ni mwanangu, na nitasema hivyo mbele ya baraza la ardhi nikiwa hai. Kwamba Nungunungu, aliyeiweka humu, nilimsaliti mimi. Wametoka mmoja mmoja. Wana haki ya kuogopa.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua asubuhi, kisha jua. Masanja ameenda Kabungu, bado hajui. Nimeketi mlangoni na blanketi. Namsubiri. Asikie kwangu kwanza.