Kinu Kikiacha Kukohoa

Chimala, Mbarali
Jumatano asubuhi

Dada yangu mpendwa Leonsia,

Kamwene. Pokea salamu za kitinda mimba wenu, yule uliyembeba mpaka mgongo ukapinda, kama unavyopenda kunikumbusha mbele za watu. Mimi ni mzima wa mwili. Mpunga huku umeshavunwa, mji umejaa vumbi na wanunuzi, na karakana yangu haikosi pikipiki za kufungua. Hali yako, shemeji na watoto? Mguu wa mama unaendeleaje? Na je, bado anakwenda kukaa barabarani jioni?

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu ndiyo iliyonishinda. Kila nikipiga, mama anakwambia uweke sauti kubwa, na haya sitaki ayasikie kabla yako. Isome ukiwa shambani.

Ulinituma wewe mwenyewe nikichukue Kinu cha marehemu baba nikitengeneze, ili shemeji awe anampakia mama kwenda kliniki bila kukwama njiani. Unakijua kilivyokuwa. Pikipiki ya silinda mbili, ya zamani kuliko wewe, baba aliuziwa na wamisionari alipokuwa mwinjilisti wao, ikiwa tayari inakohoa, nasi tukaiita Kinu kwa mlio wake. Kila akitoka mjini, kikifika kwenye yale mawe ya njia panda, pale ambapo kila mpita njia wa kwetu huongeza jiwe lake, kinazima. Baba anashuka, anaweka jiwe, anakaa mpaka kipoe, anapiga kiki, anakuja. Mama akisikia ule ukimya anabandika maji ya ugali, na baba akiingia uani sufuria inatokota. Watu walisema chini ya mawe yale kuna mtu anayependa mazungumzo na baba.

Nilipokifungua nilicheka peke yangu. Huyo mtu alikuwa koili mbili, zile zinazozipa plagi umeme wa kutoa moto. Zikishika joto, umeme unakata, zikipoa, unarudi. Safari ya kutoka mjini Mlandege mpaka kwenye mawe ndiyo iliyotosha kuzichemsha. Za namna ile hazipatikani tena, basi nikatafuta za kisasa zenye nguvu zaidi, nikachonga vishikio vya bati zikae vizuri chini ya tangi, nikaweka na waya mpya za plagi. Nikajiona bingwa wa Mbeya nzima.

Sasa ikumbuke ile Jumamosi uliyonipigia jioni ukasema mama ana neno nami. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karakanani, tangi liko chini, koili za zamani zimo kwenye karai, na mpya bado sijazitoa kwenye boksi. Kinu hakikuwa na koili hata moja, dada. Kilikuwa chuma tu. Ndipo mama akasema:

"Kastori mwanangu, baba yako amepita sasa hivi. Kinu kimepona kikohozi. Kinalia kama wanawake wawili wanaotwanga kwa kupokezana, hakuna anayekosa zamu. Kimesimama kwenye mawe, nimebandika maji, lakini hakuja. Nadhani ananingoja mimi nitoke."

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni bodaboda ya watu."

Akacheka. "Bodaboda nazijua mimi. Huyu nimeishi naye."

Siku ile sikuogopa. Niliona ni uzee na upweke, nikakuambia umpe uji alale. Hofu ilikuja siku nilipomaliza kufunga zile koili mpya. Nilipiga kiki mara moja tu kikawaka, na kililia vilevile alivyosema mama, kama wanawake wawili kwenye kinu kimoja, huyu akinyanyua mchi yule anashusha. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kukisikia hivyo, kwa sababu baba alikinunua kinakohoa na amekiacha kinakohoa. Mama alikisikia kabla yangu. Nikazima hapohapo.

Mzee Shija, mfugaji wa Kisukuma wa huko Usangu, alikuwa amekaa akingoja nimzibie tairi lake. Akaniuliza, "Mbona umezima, fundi? Inalia vizuri hiyo. Ya nani?"

"Ya marehemu baba."

"Iliambiwa?"

"Iambiwe nini, mzee?"

"Kwamba mwenyewe hayupo. Sisi ng'ombe wa marehemu tunawaambia kwanza, ndiyo wanatolewa zizini. Ambaye hajaambiwa unamhamisha leo, kesho unamkuta amelala mlangoni kwa bwana wake."

Hapo, dada, nilimkumbuka baba mdogo. Siku ya kuanua matanga si alisema hivyohivyo? Tuliwaambia ng'ombe, tukaiambia mizinga ya nyuki, na alipotaka aende kukiambia na Kinu, mimi na wewe tulicheka mpaka wajomba wakatutazama vibaya. Kisha nikakipakia kwenye fuso kama gunia la vitunguu.

Hata hivyo unanijua kwa ubishi. Kesho yake mchana nilikitoa kukijaribu, nikazunguka nacho kwenye barabara za mashamba ya mpunga jua likiwa kali. Hakikukohoa. Nilipofika barabara kuu nikataka kukata kurudi Chimala, kikazima. Nilishika koili, za baridi. Nikapiga kiki mpaka goti likauma. Nikakisukuma, na wakati nakigeuza kukwepa lori, mbele yake ikaelekea Iringa, njia ya nyumbani. Nikapiga kiki kikawaka. Nikakigeuza tena kuelekea Chimala, kikazima. Nilirudi nakikokota kwa miguu, na watu wa sokoni wakanicheka kwamba fundi amegomewa na mgonjwa wake.

Jana ukanipigia kwa kunong'ona kwamba mama amefunga furushi, kanga zake na Biblia, na anasema akipakiwa msimlilie. Kwamba jioni anakaa kwenye mawe mpaka giza, palepale tembo wanapovuka kufuata mahindi. Ukaniomba nikilete Kinu haraka akione kwa macho kuwa ni chuma tu, atulie. Dada, nikija na mlio ule, mama atapanda. Nitakuwa mimi juu yake na yeye atamwona baba. Na mtu aliyekubali moyoni kupakiwa na marehemu hakai sana. Naogopa, wala sioni haya kuliandika. Baba tumeshamtoa, mama bado namtaka.

Kwa hiyo asubuhi hii nimezifungua koili mpya, nikarudisha zile mbovu za baba. Halafu nikafunga mlango wa karakana, nikashika usukani, nikakiambia kwamba Mwinjilisti amefariki na tumemzika nyumbani. Nilikiambia kwa Kihehe, maana Kiswahili baba alikitumia kanisani tu. Nikapiga kiki. Kilikohoa, dada, kikakohoa kama mzee wa tumbaku, na mimi mtu mzima nikalia. Nimekipeleka mpaka barabara kuu, nikakigeuza kuelekea Chimala, hakikuzima.

Nitatoka Jumamosi alfajiri, kila kikizima njiani nitakipoza, na kwa shangazi Mlandege nitakipumzisha. Kliniki tutamwomba mchungaji gari. Kinu kitakuja kama kilivyokuwa kikija siku zote, na kitazima kwenye mawe kama kawaida yake. Nitaweka jiwe, nitangoja kipoe, kisha nitaingia uani, mama aone ni mimi.

Koili mpya nimezifunga kwenye kifurushi hiki kinachokuja na barua. Zitafikia kwa shangazi Mlandege, naye atampa dereva wa gari la huko kwetu Idodi. Ziweke wewe, uzifungie kwenye kabati lako, na ufunguo ukae nao kiunoni. Ukizishika ukakuta zina joto, jiambie ni joto la basi. Mimi nilipokuwa nazifunga kwenye gazeti nilijiambia ni la jua.

Nisalimie shemeji, na umwambie asiogope, sijasahau deni la vitunguu vyake. Nisalimie baba mdogo, nitapiga magoti mbele yake nikifika. Shangazi nitamwona mwenyewe. Mama mwambie tu kwamba mwanae wa mwisho anakuja na ana njaa.

Jumamosi jioni msimwache peke yake. Mkisikia mlio barabarani unakohoa, halafu ukimya, ni mimi, bandikeni maji. Mkisikia unaokwenda vizuri, wa wanawake wawili wanaopokezana, si mimi, fungeni mlango na umshike mama kwa mikono yako yote miwili, kwa sababu koili zake unazo wewe kabatini.

Mdogo wako akupendaye,
Kastori