Siku Yenye Lumbesa

Alhamisi, 4 Septemba 2025. Iringa.
Keshokutwa nina somo Ruaha Mbuyuni. Akina mama ishirini wanaofungasha vitunguu wameomba niwaeleze Umaksi ni nini. Wameomba wenyewe – hakuna chama, hakuna mfadhili. Nimeandaa kurasa tisa. Viwanda vya pamba vya Uingereza, moshi, watoto wakitambaa chini ya mashine. Mkulima aliyefukuzwa shambani, akabaki na mikono tu ya kuuza. Ndimo fikra hizi zilimozaliwa. Matilda, mke wangu, kazipitia, kasema: watalala ukurasa wa pili.

Jumamosi, 6 Septemba.
Walilala ukurasa wa kwanza. Nikaweka karatasi chini. Nikasema: tajiri ananunua siku yako. Kufikia saa sita mchana umeshazalisha thamani ya ujira wako. Kuanzia hapo mpaka jioni unamzalishia nani?
Apolonia, mshona magunia: "Mwalimu, si lumbesa hiyo? Gunia limejaa, badala ya kulishona hapo wanarundika tena juu, bei ileile."
Wakacheka wote. Miaka thelathini nasoma – mama huyu kamaliza kwa pumzi moja! Nimeandika makala nne katika gazeti la Mbeya kupinga lumbesa, mnunuzi anavyomwibia mkulima. Sikuwahi kuiona kwenye siku ya mtu.
Kicheko kilipoisha akauliza, taratibu: "Na shambani kwako, mwalimu, siku yetu inashonwa wapi?"
Shamba langu liko ng'ambo ya mto. Ekari tatu, analisimamia Aroni. Sikujua wanaofungasha huko ni akina mama hao hao. Sikuwahi kuuliza.

Jumapili, 7 Septemba.
Nimejitetea kutwa. Kanisani pia. Mimi si mwenye kiwanda. Ekari tatu tu. Na mnunuzi ananiibia mimi vilevile. Matilda anamenya viazi, hanitazami: hata wale matajiri wa Uingereza lazima walikuwa na wa kumlalamikia.

Jumanne, 9 Septemba. Ruaha Mbuyuni.
Aroni kapiga simu mchana. Saa sita kamili akina mama wameacha kazi, wamekaa juu ya magunia matupu. Nusu ya vitunguu bado iko chini na lori linaondoka jioni. "Mzee, niwatimue? Wengine wapo kibao barabarani."
Nikasema asimguse mtu, nakuja. Sikusema nakuja kufanya nini.
Apolonia hakuinuka. Alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya mama nyumbani. Halafu akanipa sindano yake ya magunia, uzi umeshatungwa. "Tuoneshe, mwalimu. Siku yetu tunaishona hapa saa sita, au tunarundika mpaka jioni?"
Nikaomba dakika kumi. Nimekaa ukingoni mwa mfereji, naandika haya. Sindano iko gotini. Kurasa tisa zile zimo mfukoni, hazina jibu la dakika kumi. Dereva kapiga honi. Aroni ananitazama, anasubiri niseme neno moja tu: watimue. Akina mama wanasubiri lingine.