Springi za Safari ya Kabambare

Jumatatu, 1 Julai 1957

Chai bila sukari. Mafuta ya mgongo. Kurasa chache za kitabu, kisha uani kutazama kamioneti, gari letu dogo la mizigo. Imekaa vibaya tena. Nyuma imezama, pua imeinuka, kama mbwa aliyeketi.

Trela ndiyo inayoizamisha. Ramazani, mume wa binti yangu Zaina, aliinunua kwa mhandisi wa Kizungu aliyerudi kwao: nyumba ndogo ya bati, magurudumu mawili, vitanda viwili, dirisha lenye pazia. Aliinunua kwa ajili yangu. Mgongo wangu hauvumilii tena kiti cha gari hata mpaka kivukoni, na kutoka hapa Kindu, Kabambare ni mbali. Mle nitalala hadi tufike; Ramazani ataendesha, Zaina atabaki na nyumba.

Dada yangu Mwamini yu hai. Msafiri mmoja alimwona, anasuka mikeka mlangoni kwake. Mimi niliondoka kule mtoto, nimebeba kichwani mzigo wa mtu mwingine. Sijarudi tangu hapo.

Jumatano, 3 Julai

Omari amekuja na jeki. Ni mdogo wake Ramazani, fundi wa magari, hodari na mwenye maneno mengi. Alilala chini ya gari akiimba. Anasema springi za nyuma zimechoka, zimelala bapa. Ataongeza jani moja la chuma kila upande, kutoka kwenye lori bovu lililo karibu na stesheni. Mhunzi alitaka kuyakunja majani hayo motoni. Omari alikataa, moto unaua springi. Ameyakunja kwa nyundo, yakiwa baridi, mchana kutwa. Sikuweza kusoma.

Nimetandika shuka langu kwenye kitanda cha mbele cha trela. Tangu hapo Ramazani haingii mle, wala Omari. Chumba cha mkwe ni chumba cha mkwe, hata kikiwa na magurudumu.

Nilijua itakuwa hivyo.

Ijumaa, 5 Julai

Baada ya sala wameijaribu kwenye barabara ya stesheni. Mimi nilisimama kando na fimbo yangu. Ramazani alirudi uso umembadilika. Usukani mwepesi mno, magurudumu ya mbele kama yanaelea. Omari akapima kwa vidole: nyuma bado imezama. Akaenda kwenye pua ya trela, akajaribu kuiinua kwa mikono, akashindwa.

"Kaka," akasema, "huku mbele iko kitu kizito."

Ramazani alinitazama mara moja, akatazama chini. Akamwambia aongeze jani lingine. Hakuniuliza. Baba mkwe haulizwi ana nini chini ya kitanda chake. Ni rahisi kwao kuongeza chuma.

Chini ya kitanda kuna vitabu vyangu. Vyote. Nilimwambia Zaina nimevifungia masandukuni kwa sababu ya mchwa. Uongo. Anayekwenda kusalimia huchukua msahafu na kitabu kimoja cha njiani. Nimechukua vyote kwa kuwa sirudi. Nataka kufia kule. Zaina ni mwanangu wa pekee, na sijui namna ya kumwambia.

Jumamosi, 6 Julai

Tangu asubuhi watu wa Alunguli, ng'ambo ya mto, wanavuka na mizigo ya kupelekea jamaa zao Kasongo, tutakakopita. Sabuni, vitenge, sufuria. Mizigo ya namna hiyo haikataliwi. Ndivyo safari inavyokuwa ya watu wote. Leo Ramazani ameikataa. Alidhani ndiyo inayolemea gari.

Mama Sifa, mjane aliyekuwa rafiki wa marehemu mke wangu, alileta gunia dogo la chumvi kwa mjukuu wake. Alirudi nalo kichwani. "Basi, Muzee, umusalimie tu," akaniambia. "Salamu haina kilo." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Chumvi yake imelaumiwa badala ya vitabu vyangu, nami nimeiacha irudi.

Jumapili, 7 Julai

Sikusoma. Rafu tupu.

Jumatatu, 8 Julai

Jani la pili limeingia. Vyuma vya kubania vilikuwa vifupi, Omari akakunja vingine virefu zaidi. Hatimaye gari lilisimama sawa. Ramazani alicheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Wakalipeleka kwenye mteremko wa kivuko, maana pale ndipo gari hujulikana. Tulifuata kwa miguu, Zaina na mimi, polepole. Tulisikia mlio kabla ya kuona. Jani moja la zamani limekatika. Ndoano ya trela imezama mchangani.

Omari alitoka chini ya gari amekasirika. Hakumtazama mtu. "Nitaweka chuma mpaka kiishe Kindu muzima," akasema. "Mule ndani iko kitu."

Zaina ni binti, si mkwe. Akaingia. Nilisikia ubao wa kitanda ukiinuliwa, kisha masanduku yakifunguliwa. Alipotoka alikuwa na vumbi la karatasi mikononi. Hakuniaibisha mbele ya mumewe. Alinisogelea, akasema nisikie peke yangu:

"Baba, mutu akienda kusalimia, anabeba mpaka kamusi?"

Nikasema mchwa.

"Kabambare hakuna mchwa?"



Jumanne, 9 Julai

Zaina ameniletea uji, akauweka, akaondoka. Mumewe amekwisha kujua. Amevuka kwenda Alunguli kumwomba radhi Mama Sifa, amerudi na gunia la chumvi begani. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenitukana.

Nimewaza mchana wote. Nimeishi Kindu miaka mingi kuliko mahali pengine popote. Mke wangu amezikwa hapa. Na bado kila siku nasema "kwetu" nikimaanisha kwingine. Nimelisema neno hilo mezani tangu Zaina alipokuwa mdogo. Kwao ni hapa. Sikuwahi kujiuliza yeye alikuwa akisikia nini.

Jumatano, 10 Julai

Jani lililokatika limebadilishwa. Asubuhi Zaina alimwuliza Omari mzigo mzito ukae wapi. Juu ya magurudumu ya trela, akamwambia, na kidogo tu ubaki mbele, ili trela isiyumbe. Basi Zaina akafunga kanga kiunoni, akahamisha masanduku mwenyewe, moja moja, hadi katikati. Moja akaliacha mbele kama alivyoagizwa. Akayafunika kwa kitenge cha mama yake. Hakutoa hata kitabu kimoja.

Mizigo ya watu imeletwa tena, imepakiwa garini. Omari amepima kwa vidole na kwa kamba. Sawa kabisa.

"Vitafika," Zaina akaniambia. Hilo tu.

Afadhali angelia.

Alhamisi, 11 Julai

Walipokuwa wakinywa chai niliingia kwenye trela, nikalivuta lile sanduku la mbele. Lina kamusi, vitabu vya historia, na msahafu mkubwa wenye jalada bovu. Mgongo uliniuma sana. Nililifungulia mlangoni, nikavibeba viwili viwili hadi chumbani kwangu. Zaina alinikuta navipanga. Akachukua kitambaa, akafuta rafu mbele ya mkono wangu, kitabu kimoja baada ya kingine, mpaka vikaisha. Kisha akaniuliza kama ninataka chai zaidi. Nilitaka.

Mahali pa sanduku nimeweka chumvi ya Mama Sifa. Ni nyepesi kuliko vitabu. Omari alinuna. Springi zake zilipimwa kwa mzigo wote, na sasa nyuma ya gari imepanda kidole kimoja. Anasema itatikisika kidogo. Nilimwomba aiache hivyo.

Tuko juu ya kivuko. Tulishuka mteremko bila ndoano kugusa chini. Ramazani amesimama nje anazungumza na wapiga makasia. Nimelala, dirisha wazi, naandika juu ya goti. Chuma kipya kinalia taratibu kila maji yanapotusukuma. Zaina bado yuko ufukweni, naliona gauni lake.

Pua ya trela imeinuka na ile nyuma ya gari. Kitanda kimeinama kidogo sana, upande wa Kindu.